Ng'ombe kagongwa barabarani: kuuza, kugawana, kukausha au kufukia?

Anayesafiri kutoka Tabora kwenda Nzega au Urambo jua likizama anaijua hali. Ng'ombe wanarudi zizini, wanakata lami kwa mwendo wao, na lori lenye shehena halisimami ghafla. Kwenye reli ya kati mambo hayatofautiani sana, ila treni haikwepi kabisa. Dereva na mchungaji wakishamaliza kulaumiana, linabaki swali ambalo kwa kawaida hujibiwa kwa pupa: nyama hii inakwenda wapi?

Si swali dogo. Ng'ombe wa asili mwenye kilo 220 hutoa kama kilo 100 za nyama na mifupa. Mbuzi wa kilo 25 hutoa kilo 11 au 12. Kuiacha ioze mtaroni ni hasara kwa mwenye mali na karamu kwa fisi. Lakini nyama hiyo hiyo ikiliwa bila mpango, zahanati itajaa wagonjwa wa kuhara ndani ya siku mbili. Kwa hiyo nimeweka njia nne ubavu kwa ubavu: kuuza baada ya ukaguzi, kugawana mbichi siku hiyo, kukausha au kubanika, na mwisho kuwapa mbwa au kufukia.

Wasioingia hapa

Kuna wanyama watatu wasioingia kwenye ulinganisho huu hata kidogo.

Wa kwanza ni mnyamapori. Swala, ngiri, pongo, hata kanga aliyegongwa kwenye barabara ya Sikonge kuelekea Mpanda si wako, wala si wa kijiji. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inamhesabu kuwa nyara ya serikali, na kukutwa na nyama yake bila kibali ni kosa, hata kama ulimgonga bila kukusudia. Toa taarifa kwa askari wa wanyamapori au kituo cha polisi kilicho karibu, halafu mwache hapo hapo. Nalitaja hili kwa sababu vijana wanaona video za Marekani, mtu anapakia paa kwenye pikapu baada ya kumgonga, wakadhani ni ruhusa ya dunia nzima. Huko kwenyewe ni kwa kibali na hutofautiana jimbo kwa jimbo: Oregon iliruhusu kuanzia 2019, na mchukuaji lazima apeleke kichwa cha mnyama kwa idara ya wanyamapori kikapimwe ugonjwa. Huku kwetu nyamapori halali inanunuliwa kwenye bucha lenye leseni ya nyamapori.

Wa pili ni mnyama aliyekutwa amekufa asubuhi pembeni ya barabara, hakuna aliyeona gari. Kila mtu atasema "kagongwa". Huenda ndivyo, au huenda alikuwa mgonjwa akaja kuangukia hapo. Ukiona damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au njia ya haja, na mwili umevimba upesi bila kukakamaa, fikiria kimeta. Usimpasue. Vimelea vya kimeta vikipata hewa hujifunga na kukaa ardhini miaka mingi, vikisubiri ng'ombe mwingine aje kula majani pale. Mwite afisa mifugo, zuia mbwa na watoto.

Wa tatu ni aliyepigwa sindano siku za karibuni. Muulize mwenye mnyama bila aibu. Chupa ya dawa ina maandishi ya siku ngapi zipite kabla nyama haijaliwa, na ajali haipunguzi siku hizo.

Nitapima kwa vigezo gani

Kigezo cha kwanza, na ndicho kinachoamua karibu kila kitu, ni kama kisu kilimwahi akiwa hai. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu. Kwa Mwislamu jambo hili limekatwa katika Surat Al-Maida aya ya 3: aliyekufa kwa kupigwa au kuanguka ni haramu, isipokuwa yule uliyewahi kumchinja. Wakristo wengi nao wanasoma katika Matendo 15 katazo la damu na vilivyonyongwa, na Wasabato wa Kigoma watakuambia zaidi ya hapo. Hata ukiiweka dini pembeni, damu iliyobaki mwilini huharakisha kuoza. Ndiyo maana mzee mwenye ng'ombe, dereva akimwambia "Shikamoo mzee, nisamehe kwa mnyama wako," huitika "Marahaba" huku macho yake yanatafuta nani ana kisu. Na anayetafutwa ni Mwislamu wa kukishika, ili majirani wote waweze kula.

Cha pili ni tumbo. Mguu uliovunjika hauharibu nyama ya upande mwingine. Utumbo uliopasuka ukamwaga kinyesi ndani unaharibu sana. Cha tatu ni saa: zimepita ngapi tangu afe, na jua lilikuwaje. Cha nne ni ruhusa, yaani mwenye mali, ofisi ya mifugo na dini ya walaji. Ng'ombe akigongwa hageuki kuwa wa umma. Bado ana mwenyewe, na mambo ya fidia yanaanzia hapo. Cha tano ni kazi na gharama.

Njia ya kwanza: kuuza baada ya ukaguzi

Saa. Njia hii inadai mchana na mji ulio karibu. Mkaguzi anapenda kumwona mnyama akiwa bado hai, au angalau auone mzoga ukiwa na kichwa, maini, mapafu na bandama yake, kwa sababu humo ndimo ugonjwa unasomeka. Ukimpelekea paja tupu kwenye kiroba, hana cha kukagua.

Ruhusa. Nyama ya kuuzwa kwa watu lazima ikaguliwe, hakuna mjadala. Mwenye ng'ombe akubali kwanza, polisi wa barabarani wamalize vipimo vyao, kisha apigiwe simu afisa mifugo wa kata. Mnyama anayesimama kwa shida anaweza kupakiwa hadi machinjioni akachinjiwe huko.

Kazi na gharama. Usafiri, ushuru, watu wa kupakia. Na bei: mwenye bucha akishasikia neno "kagongwa" anaishusha kabla hajaitazama nyama. Sehemu zilizovilia damu zitakatwa na kutupwa, na wakati mwingine robo nzima ya mnyama hukataliwa. Hata hivyo mwenye mali anabaki na fedha mkononi pamoja na ngozi, na karatasi ya mkaguzi inamsaidia kwenye mazungumzo ya fidia.

Hatari. Kwa mlaji, ndogo kuliko njia zote nne. Kwa muuzaji, hatari ni ucheleweshaji tu. Mnyama aliyelala saa nyingi akijitupa kwa maumivu, nyama yake huwa nyeusi na kavu, na haikai muda mrefu hata ikining'inizwa vizuri.

Inamfaa. Mwenye ng'ombe mkubwa aliyevunjika mguu au nyonga, tumbo zima, karibu na Tabora mjini, Nzega, Urambo, Kasulu au Kigoma Ujiji.

Njia ya pili: kugawana mbichi siku hiyo

Hii ndiyo hufanyika zaidi, na kwa vijiji vya mbali mara nyingi ndiyo yenye akili. Mnyama mmoja, kaya ishirini, kila moja sufuria yake, kufikia usiku kilo zote zimeishia motoni. Friji ya kijiji ni majirani.

Saa. Baada ya kuchinja na damu kukatika, utumbo utoke mapema iwezekanavyo. Nusu saa ni nzuri, ukipita saa moja juani tumbo linaanza kufura na harufu kupenya kwenye nyama. Ipikwe siku hiyo hiyo. Nyama ya saa nne asubuhi isisubiri wageni wa jioni ikiwa imefunikwa na jani. Na usijidanganye kwamba kuchemsha sana kunafuta kila kosa: bakteria wanakufa, lakini sumu ambayo baadhi yao wameshaiacha kwenye nyama hustahimili moto.

Ruhusa. Mwenye mali ndiye anayegawa, si umati. Ni vizuri mwenyekiti wa kitongoji awepo, kwa sababu mafungu huzua maneno kuliko ajali yenyewe. Afisa mifugo akipatikana, aje atazame. Wengine wanafika kwa pikipiki ndani ya muda mfupi wakipigiwa. Jambo ambalo sitalegeza: anayepewa fungu aambiwe ukweli. Kama mnyama alikufa kabla ya kisu, sema. Kumlisha mtu kibudu bila kumwambia ni dhuluma, na kijijini siri hiyo haifiki Ijumaa.

Kazi na gharama. Visu, maji safi mengi, majani au turubai ya kuchunia ili nyama isiguse udongo. Wanaochuna wawe watatu au wanne wanaojua, wengine wakae pembeni. Anza na miguu na mgongo ambavyo havikuguswa na gari. Ukifika upande uliogongwa, kata kwa ukarimu: nyama iliyovilia damu, yenye rangi ya zambarau na majimaji, ipunguzwe hadi ufike kwenye nyekundu safi. Tazama vipande vya mbavu vilivyochoma mapafu. Kibofu na nyongo vishikwe kama yai. Tumbo likiwa limepasuka, usioshe kifua kwa ndoo ya maji ukidhani umesafisha. Maji hutawanya uchafu kote. Kata na utupe nyama yote iliyoguswa, na matumbo hayo usiyahesabu kabisa hata kama supu ya utumbo ndiyo uliyoiwazia tangu mwanzo.

Hatari. Ya wastani, na inapanda kila saa inayopita. Hatari nyingine ni ya watu kujazana barabarani na visu wakati magari yanapita. Mburuzeni mnyama mbali na lami kwanza.

Inamfaa. Mbuzi, kondoo, na ng'ombe kijijini penye watu wengi. Kuku aliyegongwa na bodaboda naye yumo humu: akichinjwa pale pale akapapatika na damu ikatoka, maji ya moto, manyoya, chungu. Akishakufa kabla ya hapo, usipoteze muda kwa kilo moja na robo.

Njia ya tatu: kukausha au kubanika

Watu wa Unyamwezi waliojaza maghala yao michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na majani makavu ya kunde hawahitaji kufundishwa kwamba chakula kinaweza kukaa bila umeme. Nyama nayo inakubali, ila ina masharti makali kuliko viazi.

Saa. Hapa watu wengi hukosea mwelekeo. Wanaanza kukausha nyama iliyoanza kunusa, wakidhani moshi utaificha. Utaificha kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo. Kukausha kunasimamisha nyama pale ilipofika; hakuirudishi nyuma. Nyama ya kukausha iwe safi kuliko ile ya kupika leo.

Ruhusa. Kwa matumizi ya nyumbani, mwenye mali na dini vinatosha. Ukitaka kuiuza sokoni au kuisafirisha, umerudi kwa mkaguzi na vibali vyake. Ukikamatwa njiani na gunia la nyama kavu isiyo na karatasi, nani atakuamini kuwa ni ng'ombe na si nyati?

Kazi na gharama. Nyingi. Toa mafuta yote, kwa sababu hayakauki, yanachacha. Kata vipande virefu kwa kufuata nyuzi za nyama, unene wa sentimita moja, si zaidi. Kipande kinene hukauka nje na kuoza moyoni. Changanya nusu kilo ya chumvi na maji lita tatu na nusu, chovya vipande kwa dakika tano, ning'iniza. Chumvi ya Uvinza, ambayo watu wa kando ya mto Malagarasi wameichemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja, inafaa kabisa na haina bei ya kutisha. Juani, kati ya Mei na Oktoba pale Tabora ambapo hewa ni kavu, nyama iliyokatwa hivyo huchukua siku nne hadi tano, ikiingizwa ndani kila usiku na kukingwa nzi kwa chandarua. Kipande kilichokauka sawasawa kimepoteza karibu theluthi mbili ya uzito, na ukikikunja kinapasuka bila kutoa unyevu.

Masika hiyo sahau, banika. Kigoma, kwenye hewa nzito ya ziwa, moshi ndio njia ya kuaminika hata kiangazi, na wanaobanika samaki wanajua kazi hii: chanja juu, moto mdogo wa kuni ngumu chini, usiku kucha na asubuhi yake, ukigeuza. Mara ya kwanza moto uwe mkubwa kidogo ili nyama iive kabla ya kukauka. Usitumie mbao zenye rangi, wala plastiki ya kuwashia. Na kwa wakulima wa Urambo na Kaliua: bani la tumbaku, lile banda la kukaushia majani yake, lina joto na kamba za kutundikia, nalielewa kishawishi, lakini kuta zake zimejaa tumbaku na mabaki ya dawa za shambani. Usitundike nyama humo.

Hatari. Ikifanywa vizuri ni ndogo, ikifanywa nusu nusu ni kubwa kuliko ya njia ya pili, kwa kuwa mtu anaila wiki tatu baadaye akiwa na imani nayo. Hifadhi kwenye kikapu au mfuko wa nguo, si nailoni iliyofungwa ikiwa na joto. Ukiona ukungu au wadudu, kwaheri. Ya kula iloweke, ichemshe vizuri, kisha karanga au mawese, kutegemea umelelewa upande gani wa Malagarasi.

Inamfaa. Kaya chache zenye ng'ombe mzima, mahali pa mbali, zenye kuni, chumvi na watu wa kukesha. Mwenye friza asijione amepona: kilo 60 za nyama ya moto zikisukumwa ndani kwa pamoja huchelewa kupoa hadi katikati inachacha, na umeme ukikatika usiku hadithi imekwisha. Weka kidogo kidogo, vipande vyembamba, iliyokwisha kupoa.

Njia ya nne: mbwa, au shimo

Saa hazibani kama kwa nyama ya watu, ruhusa ni ya mwenye mali tu. Nyama ya mnyama aliyekufa kabla ya kisu, ambayo hakuna jirani anayeitaka, bado inaweza kuwafaa mbwa wa kuchungia, mradi chanzo cha kifo ni ajali iliyoonekana na mzoga haujaoza. Ipikwe. Hasa maini na mapafu yenye malengelenge ya maji yasitupiwe mbwa mabichi: humo mna minyoo inayokua ndani ya mbwa, kisha mayai yake yanarudi kwa ng'ombe na kwa watoto wanaocheza na mbwa huyo.

Kilichobaki, shimo. Lichimbwe kina cha kutosha udongo wa mita moja ukae juu ya mzoga, mbali na kisima, mbali na mkondo wa maji ya mvua, juu iwekwe miiba au mawe. Kazi ya vijana wanne na jembe, hakuna anayeipenda. Inamfaa aliyepata mzoga uliopondwa na treni, uliolala juani nusu siku, au wowote wenye shaka. Ngozi unaweza kuiokoa kama mnyama si mshukiwa wa ugonjwa: ichune, ipake chumvi upande wa nyama, ikunje.

Uchague ipi, kwa hali yako

Umegongewa ng'ombe saa tatu asubuhi, kavunjika mguu, yuko macho, mji uko kilomita kumi: piga simu kwa afisa mifugo kabla ya kumpigia mwenye bucha, kisha uza.

Ni saa mbili usiku, kijiji kikubwa, kisu kimewahi, tumbo zima: gawaneni, pikeni usiku huo huo. Bakisheni maini na bandama kando kwa ajili ya afisa akija asubuhi, na kama bandama limevimba na kuwa jeusi kama lami, simamisheni kula hapo hapo.

Kaya tatu porini, kiangazi, ng'ombe mzima: kuleni mnachoweza leo, kausheni kilichobaki usiku huo, msisubiri kesho muone kitakachosalia. Hali hiyo hiyo mvua ikinyesha na kuni ni mbichi: iteni watu wa kijiji cha jirani, hata kama mtatembea.

Kisu hakikuwahi, lakini mmemwona akigongwa na amekufa dakika hizi: dini yako ikikuruhusu, amua kwa nyumba yako peke yako, usimgawie mtu bila kumwambia, na usiuze. Kisu hakikuwahi na hamjui alikufa saa ngapi: mbwa wasiguse, chimbeni.

Mwenye mnyama hajulikani, watu wameshaanza kukusanyika na viroba: aitwe mwenyekiti, mnyama achinjwe ili asiteseke, na nyama isikatwe mpaka mwenyewe au mjumbe wake afike. Akichelewa, toeni utumbo tu, ning'inizeni mzoga kivulini penye upepo, na aandikwe nani yuko hapo.